Jumamosi za Basi la Mwezini

Mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho, Naliendele yote, nje kidogo ya mji wa Mtwara, hunuka kama uwanja uliofanyiwa harusi jana na hakuna aliyefagia. Ni harufu tamu, chachu, nzito, inayoingia mpaka kwenye foronya za mito, na mgeni anayefika mara ya kwanza mwezi wa kumi hugeuzageuza pua akitafuta pombe imefichwa wapi. Pombe ipo kidogo, kwa wanaojua kuikamua, lakini harufu ile ni ya matunda tu, mekundu na ya njano, yanayobaki chini baada ya watu kunyofoa korosho zao na kuyaacha. Baba alikuwa na harufu yake nyingine juu ya hiyo. Alikuwa ofisa wa kilimo, kazi yake mikorosho na magonjwa yake, na mashati yake hayakuwahi kuachana na salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho, hata msimu wa kupuliza ukiwa umepita zamani. Misimu ya mabibo niliyoiishi pale ni mingi, na mingi imeshachanganyikana kichwani. Mmoja umegoma kuchanganyika. Ni ule ambao nyumba yetu nzima, na majirani juu yake, tulikuwa tunamficha mdogo wangu jambo moja, na kila mmoja wetu akiogopa kwamba siku atakapolijua litamvunja.

Sisi hatukuwa watu wa pale. Kwetu ni Tukuyu, kwenye migomba na ukungu, na Mtwara tuliletwa na kazi ya Baba kabla mimi sijaanza shule. Mimi ni Atupele, nyumbani Atu. Aliyenifuata ni Ambakisye, ambaye jina lote hilo aliitwa siku ya ubatizo tu. Siku nyingine zote ni Amba. Mama alifundisha Kiingereza sekondari mjini, na kila jioni alirudi na chaki kwenye nywele. Tulikaa nyumba za watumishi, zile za madirisha ya wavu na veranda ya saruji nyekundu inayoteleza ikipigwa nta, na tulikuwa na televisheni, jambo ambalo miaka ile halikuwa dogo. Dishi lake lilikuwa kubwa mpaka kuku wa jirani walikuja kujikinga jua chini yake. Kila Jumamosi saa kumi jioni kilikuja kipindi cha Kiingereza ambacho jina lake halisi sikuwahi kulishika. Sisi tulikiita Basi la Mwezini. Kilihusu basi bovu linalobeba abiria kati ya dunia na mwezi, dereva wake mnene asiyekubali kosa, kondakta mwanamke mwenye domo, na abiria mmoja wa bati aliyeogopa maji na kununa kama mwali. Nyota zake zilikuwa balbu, na lile anga hata mtoto aliona kuwa ni shuka jeusi lililotundikwa. Nani alijali? Walikuwa wakigombana, watu wasioonekana wanacheka, nasi tunacheka, kwa sababu basi bovu na kondakta mwenye domo ni vitu ambavyo mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa.

Lugha ndiyo tulihitaji, na lugha ilikuwa kazi ya Mama. Alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa televisheni, akitutazama sisi zaidi kuliko alivyotazama kioo, na kila neno likitoka mwezini yeye analigeuza Kiswahili kabla aliyelisema hajafunga mdomo. Sauti ya dereva aliitoa tumboni. Ya kondakta aliitoa puani. Ya mtu wa bati aliisemea ndani ya kikombe. Sebule ilijaa, veranda ikajaa, waliokosa nafasi walisimama nje ya wavu wa dirisha, na korosho za kuchoma zilizunguka katika bakuli mpaka midomo ya wote ikawa myeusi kwa masizi. Kiti cha mbele kilikuwa cha Mama Somoe, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, Mmakonde, mjane, mtu wa swala tano, mkulima wa korosho na muhogo, mwenye kicheko cha kushtua mbuzi. Ndiye aliyemfundisha Mama kupika kisamvu kwa korosho, na ndiye aliyetutania tangu siku ya kwanza kwamba sisi wala ndizi tumekuja pwani kutafuta chakula cha watu wazima. Mama akitafsiri, yeye hakumpa raha. "Mwalimu, hapo kasemaje?" Mama anamwambia asubiri, dereva hajamaliza. "Atamaliza saa ngapi, na mimi nina muhogo juani?" Mama alicheka mpaka akasahau kutafsiri, halafu sote tunamlaumu Mama Somoe kwa pamoja. Nikisema nilikuwa na raha duniani, ni pale. Sijapata nyingine ya aina ile, na sidanganyi mtu kwamba nimepata.

Masika yaliyofuata yalikuja na mvua isiyojua kuchoka. Mama alishikwa na homa, ikapanda kichwani. Gari la kazini kwa Baba lilikuja kumchukua asubuhi mvua ikimwagika, na Amba alimng'ang'ania mlangoni, ameshika pindo la kanga yake, hataki kuliachia, mpaka Mama mwenyewe akamfungua vidole kimoja kimoja akimwambia atarudi jioni. Hakurudi. Alifariki hospitalini siku iliyofuata. Sisi Wanyakyusa mtu wetu huzikwa kwao, migombani, karibu na mlango wa nyumba alimozaliwa au alimoolewa, na ukoo kutoka Tukuyu ulituma neno moja: mleteni. Lakini wampeleke kwa njia gani? Barabara ya kaskazini ilikuwa imemezwa na maji kule Rufiji, malori yamelala pale na mizigo yake inaoza. Ile ya Tunduru ilikuwa tope lisilopitika. Baba alikwenda stendi, akaenda bandarini, akaenda kwa kila mwenye gari anayemjua, akarudi na jibu lilelile. Barabara imefungwa. Mama akazikwa Mtwara, kwenye mchanga, mbali na mama yake mzazi.

Watoto hawakai msibani. Hilo walikubaliana wote, Wakristo kwa Waislamu, na Mama Somoe akatuchukua kwake siku zote za matanga, akitulisha ugali wa muhogo na kutufukuza kila tulipokaribia uzio. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikaambiwa. Amba alikuwa na sita, hakuambiwa. Wazee wa kanisa walimshauri Baba kwamba kichwa kidogo hakitwikwi gunia. Ataambiwa akikua kidogo, kwa sasa Mama amekwenda Tukuyu kumuuguza Bibi. Nikaonywa nami nisifungue mdomo. Walikuwa na nia njema, siwasimangi. Kisha wageni wakaendelea kuja wiki baada ya wiki, wale wa mbali waliochelewa kupata habari, na kila aliyeketi kumpa Baba pole aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumpeleka mkewe kwao, na Baba, kwa sauti hiyohiyo ya chini, akajibu kwamba barabara ilifungwa. Amba alikuwa chini ya meza akiendesha gari lake la waya. Hakuna aliyemwangalia. Mtu mzima akishusha sauti huamini kabisa kwamba ameshafunga mlango.

Mwanzoni Amba aliuliza kila asubuhi Mama anarudi lini. Baada ya muda akaacha kuuliza, na wakubwa wakapumua. Amezoea, walisema, mtoto ni mtoto. Baba, kwa kushukuru, akazidisha. Akirudi kutoka mjini alileta peremende na kusema zimetoka kwa Mama, zimekuja na mtu. Amba alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akatoka nje akawagawia watoto wote wa nyumba za watumishi mpaka ikaisha ya mwisho, yeye mwenyewe hajalamba hata moja. Sote tulimsifu kwa ukarimu. "Huyu atakuwa mchungaji," alisema mzee mmoja wa kanisa, na Baba akatabasamu. Jamani, watu wazima tunavyojua kujidanganya! Mimi nilikuwa namwangalia kwa wasiwasi mwingine, kwamba siku moja Mama atachelewa mno hata kwa akili ya mtoto, na siku hiyo mimi ndiye nitakayekuwa karibu naye. Nilijizoeza kwenye kioo cha bafuni namna ya kusema Bibi bado anaumwa.

Jumamosi ziliendelea kuja, maana Jumamosi hazijui msiba. Nilidhani Baba angefunga televisheni, lakini majirani walipofika saa kumi na bakuli zao, wakavua ndala mlangoni kama kawaida, hakuwa na moyo wa kuwarudisha. Aliwasha, akaingia chumbani kwake. Wakakaa. Dereva akafoka, kondakta akafoka, watu wasioonekana wakacheka, na sebuleni kwetu kimya. Kigoda kilikuwa pale, ubavuni, hakuna anayekisogelea. Mimi Kiingereza kile nilikuwa nakielewa, kama si chote basi kingi, Mama alikuwa amenilea nacho; ila mdomo ulikuwa umekataa. Ikapita Jumamosi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, watu wanaangalia midomo ikicheza na kutafuna korosho kwa adabu. Ya tatu, Mama Somoe akasimama, akakaza kanga kiunoni, akaenda kuketi kwenye kigoda. Kiingereza chake chote kilikuwa "gudi moning". "Bora uongo wa kuchekesha," akasema, "kuliko ukweli usioeleweka." Akaanza kutafsiri.

Sijui nikielezeje. Alitafsiri kwa macho. Basi likipita kwenye wingu la nyota, yeye anatuambia hapo wanavuka Ruvuma, wanaingia Msumbiji. Askari wa mwezini wenye kofia za kung'aa wakisimamisha basi, "Hao uhamiaji wa mpakani Kilambo, mtaona watakavyowasumbua." Mtu wa bati akinuna, ni kwa sababu mkewe amemkimbia, hawezi kuishi na mwanamume mwenye kutu. Kondakta akisema maneno mengi kwa kasi, Mama Somoe anasikiliza kwa makini, anatikisa kichwa, na kutangaza, "Anamtukana." Watu walicheka mpaka wakamwaga korosho. Siku moja nilisikia kicheko kingine nyuma yetu, kikavu, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Alikuwa Baba, amesimama mlangoni mwa korido. Alipoona nimemwona alirudi chumbani, lakini tangu siku hiyo alikuwa akija kusimama pale kila Jumamosi, asikae, asiondoke.

Basi ndipo mabibo yakaanza kunuka, na ikaja Jumamosi ninayoisema. Kipindi cha siku hiyo kilianza na ugomvi kama vyote. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kondakta, dereva ameisahau, na yule mama akavua mkoba wake wa tiketi, akamtupia, akashuka zake katikati ya anga. Dereva akabaki peke yake na mtu wa bati. Akajaribu kuendesha, hawezi, hajui hata abiria wanashukia wapi. Kwa hasira akaingiza rivasi, akaikandamiza hadi mwisho kabisa, basi likatetemeka, taa zikazima na kuwaka, na tulipotazama tena, dereva alikuwa amesimama mlangoni mwa basi akimtazama dereva mwingine, ambaye ni yeye, amelala juu ya usukani akikoroma. Mama Somoe hakubabaika. "Mapacha hao! Huyu Kurwa, yule Doto. Mama yao alijifungulia safarini." Watu wakakubali. Lakini dereva hakufaulu safari ya kwanza, akarudi tena kwa rivasi, na sasa madereva wakawa watatu, wanagombania keki. Sebule ikamgeukia mkalimani. Mama Somoe akajikuna chini ya kilemba. "Ala! Sasa huyu mama alizaa wangapi?"

Sijui nini kilinisukuma. "Si mapacha, Mama Somoe," nilisikia sauti yangu ikisema. "Ni yeye mwenyewe. Amerudi jana." Kila kichwa kiligeuka. Mtu mmoja nje ya dirisha alisema taratibu, Mungu wangu, sauti ya mwalimu. Mama Somoe akanitazama, kisha akainuka kwenye kigoda, akakipangusa kwa upande wa kanga yake, akanionyesha nikae. Nikakaa. Nikawaambia dereva anasema rivasi ya basi hili inarudisha siku, na kwamba amerudi mpaka jana ili kondakta asipate sababu ya kushuka. Amba, aliyekuwa amelala kifudifudi chini na gari lake la waya, aliinuka akakaa. "Na akimkuta anaweza kumzuia?" akauliza. Nikamwambia ndicho anachojaribu. Na hapohapo, dereva akiwa amefungua mdomo, umeme ukakatika.

Kwa kawaida umeme ukikatika watu walisonya kwa pamoja, wakasubiri. Jua lilikuwa bado lipo, veranda inang'aa, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani kabla ya kujua kondakta amezuiwa au la. Mama Somoe ndiye aliyeanzisha. Kumbe kuna gari la kurudisha siku na watu tunahangaika kupanda magari ya kwenda mbele tu! Akasema yeye akipewa rivasi hiyo anarudi moja kwa moja siku aliyotolewa unyagoni, ngoma zinalia, kiuno kikiwa kiuno, si hiki cha sasa cha kubebea muhogo. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema angerudi siku ya posa yake akakimbie. Mwingine angerudi utotoni tu, popote, ale bila kulima. Ikawa mchezo, kila mtu anataja siku yake na kuzomewa. Mwishoni Mama Somoe akamgeukia Amba, ambaye alimwita mume wake tangu alipojifunza kutembea. "Na wewe mume wangu, ungerudi siku gani?"

"Siku ya mvua," akasema Amba. Mvua ipi, mume wangu, mvua ni nyingi. "Ile gari lilipokuja kumchukua Mama. Nisingeachia kanga." Mama Somoe alijaribu, maskini, akasema kwa sauti ya juu mno kwamba Mama yuko Tukuyu, anamuuguza Bibi, atarudi na ndizi. Amba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Barabara si ilikuwa imefungwa?" akasema. "Baba aliwaambia wageni wote. Sasa Mama angepita wapi?" Miezi yote ile tulikuwa tumemjengea safari nzima, na salamu, na peremende, na hatukuona kwamba tumempitisha Mama kwenye barabara ileile tuliyoapa kwa watu wote kuwa haipitiki. Amba akainama akaendelea kunyoosha tairi la gari lake. "Mama amekufa. Mimi najua. Ila msimwambie Baba kwamba najua. Atalia."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

Nilimwona kabla Amba hajamwona. Alikuja akaketi sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini mbele ya watu, akamvuta Amba mapajani, akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi, wala siku ya kuanua matanga, wala mbele ya wazee wa kanisa waliomsifu kwa ujasiri. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Amba alishtuka kidogo, halafu akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kile kiganja chake chenye kutu ya waya. "Nyamaza, Baba. Nyamaza." Ndipo na yeye midomo ikaanza kumcheza, akalia, na mimi nikaenda nikajitupa juu yao wote wawili. Mama Somoe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Njia ya mwongo fupi," alisema, "na yetu haikufika hata Lindi."

Wageni walianza kuinuka, unajua, kwa aibu, mtu anatafuta ndala zake kimyakimya. Mama Somoe akawazuia. Akasema kuna mfiwa humu hajapewa pole hata na mtu mmoja, watu wanaondokaje? Kaeni. Wakakaa. Wanawake wakashusha kanga kichwani, wanaume wakavua kofia, mtu akatumwa kuchochea moto na kubandika chai. Kisha wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakampa mkono mtoto wa miaka sita kama anavyopewa mkubwa. "Pole kwa msiba, baba." Amba aliwapokea kwa mikono miwili, macho mekundu, akijibu "asante, nimeshapoa" kama alivyowasikia wakubwa wakijibu masika yote yale chini ya meza. Umeme ulipokuja, televisheni ilipiga kelele ghafla na tangazo la sabuni. Mtu aliizima, na hakuna aliyeuliza kondakta aliishia wapi.

Kesho yake baada ya ibada Baba alitupeleka makaburini. Mimi nilikuwa nimefika mara moja, Amba ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliuliza kichwa kiko upande gani, Baba akamwonyesha. Akauliza Tukuyu iko upande gani, Baba akafikiri kidogo, akanyoosha mkono kuelekea magharibi, juu ya nyumba na minazi. Amba akaangalia kule kwa muda mrefu. Halafu akasema ana kiu, tukaenda mtaa wa Ufukoni tukanunua soda, tukanywa tukiwa tumesimama dukani, wote watatu, na Baba akamwambia muuza duka, bila kuulizwa, kwamba hawa ni wanangu, mama yao alifariki masika. Tangu siku ile nyumba yetu ilipumua. Jina la Mama lilianza kutajwa mezani. Jumamosi mimi nikatafsiri, Mama Somoe akinisahihisha kila nilipokosa uchekeshaji. Amba akaanza kula peremende zake.

Tulihamishwa miaka michache baadaye, kama wanavyohamishwa watumishi wote, na kaburi likabaki chini ya uangalizi wa Mama Somoe, ambaye alilipalilia mpaka yeye mwenyewe akaenda zake. Mungu amrehemu. Baba naye ameshalala, huko Tukuyu, migombani, alikotaka. Kwa hiyo wazazi wangu wamelazwa pembe mbili za nchi. Rufiji siku hizi pana daraja, lami imeunga, basi linaondoka Mtwara alfajiri na jioni watu wanateremka Dar es Salaam wakiwa wamelala njia nzima. Mimi hupanda basi hilo kurudi Dodoma ninakofanya kazi, kila nikitoka kusafisha kaburi, na njia nzima sipati usingizi. Namwona kila mtu ametulia na simu yake, spika za masikioni, anacheka peke yake. Hakuna anayemuuliza mwenzake hapo kasemaje. Tumepata barabara, tumepata umeme, kila mtu ana televisheni mfukoni, na mimi ninasema wazi bila kuona haya kwamba ningevirudisha vyote mlangoni kwa mwenyewe ili nikae tena kwenye ile saruji nyekundu dakika kumi.

Mwaka jana binti yangu alinitafutia kipindi kile mtandaoni. Alikipata kwa kuuliza tu, mama, lilikuwa basi la rangi gani? Nikaangalia mpaka mwisho nisiouona siku ile. Ni mwisho wa kipuuzi. Dereva anashindwa, anarudi leo, anakuta keki imekauka, kondakta anarudi mwenyewe kwa kuwa amesahau mwavuli, watu wasioonekana wanacheka. Binti yangu hakucheka, alisema picha yake mbovu. Nikampigia Amba simu. Sasa ni mwalimu, ana watoto watatu na kitambi. Nikamwambia nimekiona kile kipindi cha rivasi. Kipindi gani, dada? Nikamkumbusha, umeme, mchezo, wageni waliompa mkono. Akasema kwa upole kwamba hakumbuki. Anamkumbuka Mama Somoe, anakumbuka gari la waya. Mama hamkumbuki, sura yake ni ya kwenye picha tu. "Nisimulie," akasema, nami nikasimulia mpaka salio likaisha.

Siku yangu mimi naijua. Watu wakidhani ni ile ya mvua wanakosea. Ile haina dawa, dereva mwenyewe aliishindwa. Ningerudi kwenye mchana mmoja wowote wa ile miezi ya katikati, jua kali, sisi wawili tumelazwa kwenye mkeka tupumzike, Amba amenipa mgongo na mimi najua amelala. Ningemgeuza nimtazame kama kweli kalala. Ningemwambia, Amba, Mama amekufa, na mimi pia najua. Tungelia palepale kwenye mkeka, yeye na mimi, mpaka Mama Somoe aje mbio kutuuliza kulikoni.